Siku Saba za Mama Nyota

Kasenga, Uvira

Kwako Yaya wangu Feza, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nausalimu mguu wako. Uliniambia unavimba mvua zikianza, na najua huko Kindu zimeshaanza. Unaweza kufika shambani, au sasa wanakwenda watoto peke yao? Na shemeji Ramazani, kifua chake kimetulia? Sisi huku tunapumua, na kwa siku hizi za Uvira mtu anayepumua hana ruhusa ya kulalamika sana.

Barua hii nimempa mchuuzi wa vitenge anayeshuka na boti mpaka Kalemie, na huko atatafuta treni. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu nimezoea kukudanganya. Ukiniuliza habari za kazi nakujibu inatembea, kwa sababu napenda kusikia unavyofurahi. Kwenye karatasi sauti yako siisikii, kwa hiyo labda nitaweza kusema kweli.

Kazi imekufa, Yaya, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Unajua nilivyokuwa nikiishi. Nilizunguka shule kwa shule na mazingaombwe yangu, direktere, mkuu wa shule, ananipa darasa kubwa masomo yakiisha, watoto wanalipa kidogo mlangoni, nami nakata kamba na kuiunga, namwaga maji ndani ya gazeti na hayadondoki. Jumamosi harusi. Lakini lililonipa jina ni lile sanduku. Mke wangu Riziki anaingia, nafunga, nalizungusha, nafungua: hayumo. Nafunga tena, nafungua: yumo, anacheka. Toka Kavimvira mpaka Kalundu watu waliniita Profesa, hata wazee.

Kisha shule zikafungwa kwa ajili ya risasi, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Harusi zikakoma. Tulikuwa tumemaliza unga padri mmoja wa Kalundu aliponiita katika sali, ule ukumbi wa parokia. Mlikuwa mmejaa watu ambao ziwa lilikuwa limepanda na kuingia nyumbani mwao, na yeye alitaka wacheke kidogo. Tulikwenda. Walicheka, Yaya. Riziki alipopotea walinyamaza wote, na aliporudi mama mmoja wa mstari wa mbele akasimama. Hakupiga makofi. Alisimama tu, ananitazama.

Asubuhi yake nilimkuta mlangoni petu, na ungo wa samaki wadogo wa ndagala kichwani.

"Minye ni Mama Nyota wa Kalundu," akasema. "Jana niliona bibi yako anapotea, ukamurudisha."

"Ndiyo, mama."

"Bwana yangu naye alipotea. Nakuomba umurudishe."

Mume wake alipanda boti ya mizigo kwenda Baraka. Upepo ukaipindua. Wenzake wengine waliokotwa hai, wengine wafu. Yeye hakuonekana kabisa, na siku zilikuwa zimeshapita nyingi. Nilimwambia, "Mama, ule ni mchezo tu. Bibi yangu hakwenda popote."

"Nilikaa mbele kabisa. Sanduku ilikuwa wazi, hamukuwa muntu. Weye unakatala juu minye ni masikini."

Akatua ungo, akaondoka. Nilipaswa kumkimbilia na kumrudishia samaki wake. Lakini jana yake tulikuwa tumelala na chai tu, Yaya. Tukawakaanga.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kila mara na kitu: ndagala, unga wa muhogo, mara moja mafuta ya mawese ndani ya chupa. Kila mara namwambia siwezi, na kila mara chakula kinabaki. Siku ya nne alikuja mikono mitupu. Akasema ndagala hazikupatikana, akaniuliza kama kwa sababu hiyo nitaacha kumshughulikia. Aliuliza kwa heshima, kama mtu aliyechelewa kulipa karo ya shule.

Ndipo nikasema neno nililosema. "Nipe siku saba," nikamwambia. "Leo Ijumaa. Uje Ijumaa ijayo."

Sijui kama unaweza kunielewa. Nilifikiri siku saba ni nyingi, kwamba ziwa litamtoa mtu wake na mimi sitahitaji kusema kitu. Nilifikiri pia juu ya unga. Nakuandikia hivyo hivyo bila kupamba.

Siku hizo zote alileta chakula. Riziki alikula siku mbili, ya tatu akasukuma sahani. Ya tano alirudi kutoka kumwona mama yake kule Kimanga, akakaa kwenye kizingiti bila kuvua viatu. Alikuwa amemkuta Mama Nyota sokoni, amesuka nywele. Wakwe zake walikuwa wametaka kufanya matanga ili watu walie na wamalize, yeye akawafukuza. Aliwaambia watoto wake watatu kwamba Ijumaa baba anarudi.

"Amefua mashati ya bwana yake yote," Riziki akaniambia. "Ameyaanika kwa kamba. Weye utamwambia, ao minye nitamwambia."

Alhamisi nilifunga nguo zangu katika mfuko. Nilitaka kuvuka kwenda Bujumbura, nikaambiwa mpaka umefungwa. Nikaurudisha mfuko chini ya kitanda. Riziki aliona.

Ijumaa niliamka mapema nikasimama nje. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi niliyepima mbao za lile sanduku na kuzipaka rangi kwa mkono wangu, nilikuwa naitazama barabara ya Kalundu nione kama yule mwanaume anakuja.

Alikuja Mama Nyota, na watoto wake watatu wameoga, na shemeji yake, mdogo wa mumewe, anayefanya kazi bandarini. Majirani nao wakasogea. Nikalitoa sanduku nje, kwenye mwanga. Riziki akafungua komeo.

"Mama," nikasema, "angalia vizuri. Chini pana ubao wa pili. Kati ya mbao hizi mbili muntu mwembamba anaweza kulala. Rangi nyeusi ndiyo inadanganya macho. Bibi yangu analala humu. Hapotei."

Riziki akaingia, akajikunja, nikashusha ubao. Watu wakaona, wakaguna. Akatoka. Mama Nyota hakuguna. Alikaribia, akapapasa ule ubao kwa kiganja, kisha akaniambia, "Niingie minye."

Alikuwa amekonda, akaenea. Nikashusha ubao juu yake. Tulimsubiri agonge, hakugonga. Mtoto wake mdogo akaanza kumwita. Mwishowe tukasikia sauti yake toka chini, taratibu, kama anamjibu mtu mwingine:

"Hapa hamuna njia ya kutokea."

"Hamuna, mama," nikasema.

Ndipo akalia. Alilia humo ndani, Yaya, na mimi sikujua niinue ubao au nimwache. Riziki ndiye aliyeinua. Akamshika mabega, wakakaa wote wawili chini mavumbini.

Shemeji yake alinikamata shingoni. "Umekula chakula cha yatima," akasema, na ilikuwa kweli. Alikuwa ameshainua ngumi Mama Nyota aliposema, "Muache. Twende tukalie." Wakaenda. Watoto walikuwa wanageuka nyuma kulitazama sanduku mpaka wakapotea kwenye kona.

Matanga yalifanyika Jumapili. Riziki alikwenda, akasaidia kupika. Mimi nilifika mpaka kwenye uzio, nikasikia wanaimba, nikarudi.

Sasa hali ndiyo hii. Siri ya sanduku inajulikana mji mzima. Nilikwenda kwa direktere wa shule moja hapa Kasenga, shule zimefunguliwa tena, nikamwomba siku moja tu. Akaniambia kwa upole kwamba watoto wake wanaucheza mchezo wangu kwa makatoni wakati wa mapumziko. Kamba na gazeti hakuna anayetaka kuviona. Nikashuka bandarini Kalundu kuomba kubeba mizigo. Yule shemeji wa Mama Nyota ndiye anayepanga wabebaji. Hakunitukana. Alinipita tu akawaita wengine, na nimekwenda siku sita mfululizo akinipita hivyo hivyo. Nina miaka arobaini na minne, Yaya, na mikono yangu haijawahi kujifunza kitu kingine.

Riziki amehamia kwa mama yake Kimanga. Hakubeba vyombo, alibeba nguo tu, kwa hiyo sijui kama ameondoka au anapumzika. Nilimfuata juzi. Akaniambia, "Sikukasirika juu ya njaa. Wote tulikuwa na njaa. Nilikasirika juu ulimuona anafurahi, ukamuacha afurahi." Yeye anakuheshimu kuliko mtu yeyote wa upande wetu. Ukipata namna, mwandikie. Usimwombe arudi. Mwulize tu habari zake, ajue bado ana wifi.

Na mimi nakuomba kitu ambacho sikuwahi kukuomba tangu uliponipeleka stesheni na kuniambia nisirudi kabla sijawa mtu. Niulizie kwa shemeji Ramazani kama panaweza kuwa na nafasi yangu kwenye mashine yake ya kusaga. Nitafagia. Nitalala hapo hapo kwenye magunia. Sanduku nimelivunja, mbao nimezitumia kupikia, na leo ubao wa mwisho umeivisha maharage niliyopewa na jirani. Sina tena kitu cha kuchoma wala cha kuuza. Kama jibu ni hapana, nijibu hapana. Usinyamaze, kwa maana ukinyamaza nitaendelea kungoja, na sasa najua kungoja kunamfanyia mtu nini.

Nisalimie mama mkubwa, yule asiyeona vizuri, mwambie nakumbuka mihogo yake. Nisalimie shemeji na majirani wa upande wa kisima. Watoto wako wakiuliza mjomba anafanya nini siku hizi, waambie anafanya kazi bandarini. Bado si kweli, lakini kesho asubuhi nitashuka tena.

Mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,

Amisi