Jivu la Pasi Nyuma ya Kisiagi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Soko la Kwa Kitheka, Kaunti ya Kitui
Jumapili, 17 Agosti 2025, saa nane na robo mchana

Jina: Mercy Kanyiva Mulwa
Umri: miaka 18
Kazi: ninajifunza ushonaji
Makao: kwa bibi yangu Syokau, ng'ambo ya mto, Kwa Kitheka

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Afande ameniambia si lazima niseme jambo la kunitia hatiani. Nimeelewa, na bado nataka kusema.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Tangu Februari ninajifunza kushona kwa Auntie Kathini. Duka lake lilipakana na kisiagi, mashine ya kusaga nafaka, cha Bwana Wanyoike, ambaye sisi humwita Baba Gakenia. Bibi yangu alikikuta kisiagi hicho akiwa msichana. Maduka yote yalijengwa baadaye kukifuata, yakaupa mto mgongo.

Mnamo Ijumaa tarehe 15 Agosti, saa tisa alasiri, nilimaliza kupiga pasi sare za kwaya. Pasi yetu ni ya makaa. Siku yangu ya kwanza Auntie Kathini alinifundisha kwamba jivu lake hutupwa mtoni, ambako kiangazi huwa mchanga mtupu, halafu hufukiwa kwa mguu. Siku zote nimefanya hivyo.

Siku hiyo mtoni kulikuwa na foleni ya watu wanaochota maji kwenye visima vya mchangani. Niliwaona wasichana wa darasa letu. Shuleni nilikuwa nikisema nitakuwa daktari, na matokeo yalipotoka mabaya wakaanza kuniita Daktari. Nikipita huulizana ni nani mgonjwa. Hawana ubaya, lakini mimi huona haya. Kwa hivyo niligeuka, nikamwaga jivu nyuma ya kisiagi, juu ya makapi ya muthokoi, yale maganda ya mahindi yaliyokobolewa. Nilidhani limezimika. Sikuhakikisha.

Baba Gakenia alikuwa dirishani, akaniona. Alisema tu, "Daktari, umekula?" Yeye akiniita hivyo sioni haya. Nikasema ndiyo, nikarudi dukani.

Saa tisa na dakika arobaini tulisikia harufu ya moshi. Upepo ulikuwa mwingi. Makapi yalikuwa yanawaka na ukuta wa mbao wa kisiagi ulikuwa umeshika moto. Baba Gakenia alizima injini, akatuambia sote tutoke. Kisha akaingia tena. Madebe ya watu yalikuwa yamepangwa mstari yakingojea zamu. Alitoa debe moja moja mpaka yakaisha. La bibi yangu lilikuwa la mwisho. Vitu vyake mwenyewe hakutoa hata kimoja, kisha pipa la dizeli likalipuka.

Visima vya mchangani hutoa maji kikombe kwa kikombe, kwa hivyo tulibeba mchanga wenyewe, kwa karai na kwa leso. Wasichana wale walibeba pamoja nami. Kufikia saa kumi na mbili jioni maduka kumi na manne yalikuwa yameteketea. Hakuna aliyekufa.

Jana mlimkamata Baba Gakenia. Watu wanasema dizeli yake ilimwagika, na wengine wanasema yeye si wa hapa, atarudi kwao. Nilisikia kwamba mwenyewe amewaambia labda ni dizeli. Anajua si dizeli.

Leo kanisani tuliwaombea waliounguliwa na maduka. Sikuweza kuimba. Nyumbani nilimweleza bibi yangu yote. Alikuwa anapepeta mahindi ya debe lile. Akaweka ungo chini, akasema, "Vaa viatu, Kanyiva. Twende."

Nilipoingia hapa, Baba Gakenia alikuwa amesimama kwenye mlango wa seli. Alinitazama, akatikisa kichwa, maana yake nisiseme.

Nimesema. Naomba Auntie Kathini anisamehe, cherehani zake tatu ziliungua. Naomba Baba Gakenia aende nyumbani. Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, na sina la kubadilisha.

Sahihi: M. Kanyiva

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Mutie, kama alivyoyasema. Alilia mara moja, lakini hakutaka tuache kuandika. Atarudi kesho asubuhi kuonana na mkuu wa kituo. Bw. Wanyoike aliambiwa saa tisa kwamba yuko huru. Ninapotia sahihi bado yuko kwenye benchi la nje na Syokau, bibi wa shahidi. Ameagiza chai ya watatu. Anasema haondoki bila Daktari.