Glasi ya Peke Yake

Kwako kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Hali yako ikoje, na goti limetulia au bado linakuuma ukipanda ngazi? Wifi hajambo? Watoto bado wanamkumbuka shangazi yao, au nimeshakuwa sura ya kwenye picha? Mimi mwili ni mzima. Cherehani inakwenda, msimu huu ni sare za shule tu, vidole vimeota sugu. Kinachoniuma ni roho, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza katikati.

Unamkumbuka yule mhudumu wa mochwari aliyemwandaa mama. Watu wanamwita Baridi, naye huitikia. Ndiye aliyemchana mama nywele akazilaza nyuma kama mwenyewe alivyopenda, bila kuambiwa na mtu, kwa kuangalia tu zilivyozoea kulala. Siku ile wewe ulimshukuru vizuri sana kwa maneno, ila mkono hukumpa, mikono ukaiacha mfukoni. Niliona, na yeye aliona. Usikasirike, huko mbele utajua kwa nini nimelitaja.

Baridi anasali kwetu, na kwetu bado tunakunywa kikombe kimoja. Tunapiga magoti kwa mstari mbele ya madhabahu, mchungaji anapita, anampa mmoja, anafuta ukingo kwa kitambaa, anazungusha kidogo, anampa wa pili. Vile vitambaa navifua mimi na kupiga pasi mimi, kwa hiyo najua midomo ya kanisa zima. Miaka yote hakuna aliyelalamika. Kisha mama kiongozi wa kwaya akaenda kuchukua mwili wa shemeji yake, akamkuta Baridi kazini na glovu mpaka viwikoni. Kuanzia hapo akawa anasema divai haipiti kooni.

Utani ukaanza. Mmoja akaomba asipangwe nyuma ya Baridi, eti koo litaganda. Mwingine akasema yule bwana akipuliza chai inageuka barafu. Ikafika mahali mtu akimwona Baridi anasogea madhabahuni, anajifanya kamba ya kiatu imefunguka, hata aliyevaa ndala. Baridi alikuwa anapiga magoti, kushoto pako wazi, kulia pako wazi, utafikiri ameweka uzio.

Ndipo akaingia Funguo. Huyu ni mzee wa kanisa, tunamwita hivyo kwa sababu hutembea na funguo zote za kanisa kiunoni kama askari jela. Alileta glasi kutoka kwake, ile nene ya kunywea juisi, imechorwa maua mekundu, akatutangazia kwamba kuanzia sasa ndugu yetu atapokea kwa glasi yake, kwenye kiti cha pembeni karibu na spika. Akasisitiza kwamba hatengwi na meza ya Bwana, anapangiwa utaratibu tu. Watu wakaitikia amina. Kaka, ile amina ilinuka.

Baridi akaipokea kwa mikono miwili. Alikunywa funda moja dogo, kama tunavyokunywa wote, akairudisha kwenye sinia. Funguo alikuwa ameijaza nusu, kwa hiyo ikabaki. Nawe unajua kanuni yetu, divai ikishabarikiwa haimwagwi. Ya kwenye kikombe humalizwa na mchungaji, na ikibaki penginepo huinywa mzee wa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Funguo mwenyewe.

Mimi nilikuwa kwenye kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, nimechuchumaa nyuma ya mlango wa kabati nakusanya vitambaa. Akaingia na glasi. Akaitazama, akainusa, akatazama mlangoni. Kisha akaimwaga kwenye ndoo ya deki. Ile ile niliyopigia deki asubuhi, maji meusi, nywele na mchanga vinaelea. Akajifuta vidole kwenye koti, akatoka, nikamsikia anaimba wimbo wa kufunga ibada kwa besi nzito kuliko wote.

Nilitoka nikatapika nyuma ya kanisa. Kile kinyaa wanachodai kukisikia kwa Baridi, mimi nilikisikia siku ile, na si kwa Baridi. Niliibeba ile ndoo nikaimwaga taratibu kwenye udongo usiokanyagwa, nikafukia kwa mikono yangu, nalia.

Nilimweleza mchungaji. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema Funguo ametoka mbali na kanisa hili, tusiligawe kwa sababu ya ndoo. Nikamuuliza kuhusu yule bwana wa benchi la mbele ambaye jicho la mkewe tunaliona sote likivimba na kupona na kuvimba tena. Yeye hupokea wa kwanza, na hakuna aliyemletea glasi. Mchungaji akaniambia nikaombe. Nimeomba, kaka. Kinyaa hakijaondoka.

Jumapili iliyopita meza ya Bwana ikaandaliwa tena, na glasi ya maua ikawa pale pale. Niliacha mstari wa akina mama nikaenda kupiga magoti kando ya kile kiti cha spika. Baridi akanywa funda lake. Nikanyoosha mkono, nikaichukua, nikainywa mpaka chini. Kwaya ikakatika. Funguo akabaki mdomo wazi, na mchungaji akazubaa na kikombe mkononi kama mtu aliyesahau nyumba aliyokuwa anakwenda.

Usidhani kuna aliyenifuata. Hakuna. Sasa wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata. Mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama siku hizi nanawa kabla ya kushika nguo.

Sasa nikuambie lililobaki. Si imani peke yake iliyonipeleka kwenye kile kiti. Baridi ameniposa, nami nimekubali. Tangu mazishi ya mama amekuwa akileta makoti yake ya kazini nimshonee vifungo, anakaa kwenye benchi la mlangoni, tunaongea. Tangu nifiwe na mume wangu sikuwa nimecheka hivyo. Ananawa kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, mpaka ngozi ya mikono imepasuka. Mimi ndiye ninayempaka mafuta.

Funguo amekwishasema hatutafungishwa ndoa kwenye madhabahu ile mpaka Baridi aache kazi, na mchungaji hajampinga. Kwa hiyo nakuomba umuulize mchungaji wenu kama atatupokea. Lakini hilo ni la pili. Baba hayupo, mama hayupo, aliyebaki wa kumpokea mume wangu ni wewe. Nikija naye hapo mlangoni, naomba utoe mikono mfukoni. Ukishindwa niambie sasa hivi, nisimlete kudhalilishwa na damu yangu.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi anawashonea. Goti ulikande kwa maji ya moto. Bwana awalinde nyote.

Naomba unijibu mapema.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi cherehani