Uji wa Mama Zuhura

Dandora

Mpendwa dada Wambui,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana. Binti yangu Nyambura amejifungua salama, mtoto wa kike, katika nyumba yao ambayo bado haijamalizwa kujengwa. Ila maziwa hayakutoka, na mtoto alilia siku tatu. Nilipiga magoti nikimsihi Mungu atuhurumie.

Kila asubuhi jirani yao, Mama Zuhura, Mwislamu wa Pwani, alipiga hodi na birika la uji wa mtama wenye pilipili manga. Unanijua, dada. Nilijiuliza, hatujuani, huyu anataka nini? Ametia nini humu? Nilimshukuru kwa tabasamu, kisha nikaumwaga mtaroni.

Jana alinifumania nikiumwaga. Nilingoja matusi. Yeye akachukua birika, akajimiminia kikombe, akanywa chote mbele yangu.

"Haya, sijafa," akasema. "Sasa mpe mzazi anywe. Nilipojifungua mimi hapa, hakuna aliyenibishia mlango."

Nilimpa Nyambura huku namtazama kwa wasiwasi kila alipomeza. Alikunywa vikombe viwili. Kufika jioni maziwa yakaja, mtoto akanyonya mpaka akalala. Nikalia kwa aibu, dada. Mungu alikuwa akinijibu kila asubuhi, nami, kama polisi, nikimkagua yule aliyemtuma kwangu.

Leo nimeenda kumwomba msamaha. Amenicheka, akanikaribisha ndani.

Wabusu watoto wako wote kwa niaba yangu.

Ndugu yako akupendaye,
Njeri