Kila Mtu na Lake

Dada Tumaini,

Shikamoo kutoka Ipinda. Yale meno uliyoniagiza nirudi nayo yapo yote.

Leo tumecheza raga na vijana wa hapa, matope mpaka masikioni. Tulipoinama kusukumana tugombee mpira, mama anayetupikia alidhani tunapigana. Akaja na mwiko, akatutenganisha, kisha akaingia shambani kwake na kurudi na kapu la matunda ya kakao, umbo lile lile la mpira wetu.

“Mnauana kwa moja, na shambani yamejaa? Haya, kila mtu na lake.”

Tukasema ndaga, asante ya huku, kwa adabu. Refa alitaka kupuliza filimbi mechi iendelee, lakini mdomo wake ulishajaa kakao.

Langu nimekutunzia. Mle na shemeji bila kusukumana.

Mdogo wako,
Baraka