Vitufe vya Mchwa Havikai Mahali Pamoja

Jumanne, 4 Machi

Toa mkono hapo! Nimemwambia hivyo kutwa nzima, naye kutwa nzima ananijibu "sekunde moja tu, Bibi." Mkono umevimba mpaka kifundoni, bado ameking'ang'ania kile kipanya cha kompyuta kama mtu aliyeshika mkono wa mchumba. Shule yote ile aliyosoma, akili imeishia wapi?

Daktari wa mifupa alisema waziwazi, nami nimekaa palepale. Mshipa wa kiganja umebanwa. Kukishika hicho kipanya na kukibofya kutwa ndiko kunakouua mkono. Asipoupumzisha atapasuliwa, na hata akipasuliwa, huenda vidole visirudi kama vilivyokuwa. Mjukuu wangu akaitikia, ndiyo daktari, nimesikia daktari. Kufika nyumbani tu — ta ta ta ta, sebuleni!

Ndiyo maana namwita Mchwa. Jina analo zuri tu, nilimpa mimi. Lakini tangu aanze kazi hii ya kuandika programu, vidole vyake vinalia kama mchwa wanaokula mlango.

Majaribio yake kazini yanaisha mwisho wa mwezi huu. Hapo ndipo watamwajiri au watamwambia asante kwaheri. Kwa hiyo hapumziki. Naelewa, mimi si mjinga. Lakini akishaipata kazi bila mkono, ataifanya kwa meno?

Nayaandika humu kwa sababu kusema nimekatazwa. Akiwa na mkutano na watu wa ofisini, wale wanaokaa ndani ya kioo cha kompyuta, nikifungua mdomo tu ananikata jicho. Mimi! Nyumbani kwangu!

Jumatano, 5 Machi

Nimekichukua. Asubuhi alipokuwa anaoga. Nimekifungia kabatini, na ufunguo uko mahali ambapo hathubutu kutia mkono.

Kelele alizopiga! "Bibi, nitafanyaje kazi bila kipanya?"

Nikamwuliza, vitufe vyote hivyo mbele yako ni vya nini, mapambo?

 Akacheka. Akasema kweli wapo wakongwe ofisini hawagusi kipanya kabisa. Wana njia za mkato. Unashika vitufe viwili kwa pamoja na kazi imekwisha — hakuna kusukuma mshale huku na huku kwenye kioo kama anayefukuza kuku. Na vingi viko upande wa kushoto, upande wa mkono mzima.

Kumbe alijua! Alijua, akawa anaumia kwa uvivu wa kukariri. Nilimpasha mpaka uji ukaungua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekuwa mwalimu. Mimi niliyeishia darasa la tatu!

Yeye anaandika, mimi nachambua mchele na kumhoji. Kusevu? "Kontro na S." Kutafuta neno? "Kontro na F." Kufuta ulichokosea? "Kontro na Z, Bibi. Ukikosea jambo lolote unabonyeza hizo, linarudi kama lilivyokuwa."

Nikamwambia kama ningekuwa nazo ujanani ningeanza na babu yake. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Ungemfuta mume wetu, mke mwenza?" Ningemfuta na kiti chake.

Alasiri hakuna aliyecheka. Umeme ulikatika. Laptopu yake betri ni mbovu, ikichomolewa inavuta pumzi kidogo tu, halafu inazima. Kazi ya tangu asubuhi yote ikaenda. Ulisevu? Hakusevu. Alilia kama mtoto aliyeangushiwa maziwa. Sikumbembeleza. Nilimwambia ujinga una dawa, na dawa yake ni Kontro na S. Sasa nikiwa jikoni, kila nikikoroga chungu napiga ukelele: "Sevu!" Naye anajibu "nimesevu!" Jirani anadhani tumerukwa na akili, wote wawili.

Jumatatu, 10 Machi

Kidole kidogo cha kushoto nacho kimeanza kuuma. Hicho kitufe cha Kontro kiko pembeni kule chini, mpaka akinyooshe kidole kama anayechokoa kitu uvunguni. Roho ikaniruka. Akiharibu na huu wa kushoto tumekwisha.

Lakini Mchwa akanionyesha jambo. Vitufe vinabadilishwa! Si lazima vibaki vilivyotoka kiwandani. Kuna kimoja kinaitwa Kapsi, kiko karibu, kinene, kazi yake ni kupiga kelele kwa herufi kubwa tu. Hana haja nacho. Amekiambia: kuanzia leo wewe ndiye Kontro. Kikatii. Kusevu sasa ni Kapsi na S. Nimejaribu mwenyewe kwa vidole vyangu hivi vilivyopinda, hata hakuna kunyoosha!

Uvimbe umepungua. Nimemkanda kwa maji ya moto akalala mkono ukiwa juu ya mto. Leo nimempenda kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Nimeropoka kumsifu. Sasa hafanyi kazi — anapanga vitufe!

Kutwa nzima! Jana kufunga faili ilikuwa Kapsi na W. Leo ni Kapsi na Q. Kupanda juu, kushuka chini, kunakili mstari, kuufuta mstari, kila kitu kimehamishwa, na jioni kikahamishwa tena kwa sababu eti kidole cha shahada kinachoka. Nikamwambia wewe ni kama mwanamke anayepanga sufuria toka alfajiri kwa ukubwa, kwa rangi, kwa mlio, na watoto wanalala njaa. "Bibi, nikishapanga nitakwenda kasi." Utakwenda kasi wapi? Kwenye kutokuwa na kazi?

Mwenzake wa ofisini alipita kumsaidia, yule kijana mwenye miwani. Akakaa, akabonyeza alichozoea. Kioo kikagawanyika vipande viwili. Akabonyeza kingine, maandishi yakapotea. Akainua mikono juu kama anayeporwa. "Dada, kompyuta yako ina majini!" Mchwa akaona fahari. Nilimwona, akaona fahari!

Mama yake, yaani binti yangu, kapiga simu. Anasema amrudishe kwake, amtafutie kazi ya kukaa dukani, mkono upone. Nikamjibu mtoto hajashindwa bado. Nikakata. Halafu sikuweza kukaa. Nimefagia uwanja ambao ulikuwa umefagiwa.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi wake alitokea kwenye kioo. Uso wake unaonekana kama mtu asiyelala. Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: ile kazi ya maduka ya dawa iko wapi?

Kama nilivyoelewa, kuna maduka mengi ya dawa yanatumia programu yao moja. Muuzaji anafungua, anaona dawa ipi ipo na ipi imekwisha. Mchwa ndiye aliyepewa kurekebisha hesabu ya stoo. Ikikamilika, anaituma, na maduka yote yanaipata kwa mara moja. Mchwa akamwambia Jumanne. Msimamizi akasema sawa, Jumanne, na Jumanne hiyohiyo tutazungumza habari ya kuajiriwa kwako.

Zimebaki siku nne. Kwake na kwangu.

Jumamosi, 15 Machi

Amefanya kazi. Kazi kweli! Sijasikia "subiri nihamishe hiki." Mkono wa kulia umelala mapajani kama paka. Wa kushoto unakimbia.

Nimepika mara tatu. Sikuona ladha.

Jumatatu, 17 Machi

Mungu wangu.

Sijui nianzie wapi. Nianze asubuhi. Leo alikuwa na miadi ya mazoezi ya mkono kule kliniki. Hakutaka kwenda. Kazi imebaki kidogo, Bibi. Nikamfukuza. Nilimshikia kandambili mlangoni. Nenda, la sivyo daktari atakukata huo mkono na mimi nitamletea kisu! Akaenda. Kompyuta akaiacha wazi.

Hajafika mbali, umeme ukakatika.

Laptopu ikaanza kulia, ti, ti, na alama nyekundu pale pembeni. Naijua alama ile. Nilimwona mtoto akilia siku ile. Nikatazama kioo, maandishi tele, kazi ya siku zote hizi. Nimpigie simu? Simu yake, ile inayoipa kompyuta intaneti, imesahaulika juu ya meza, inanitazama.

Basi nikakaa kwenye kiti chake. Nikafuta mikono kwa khanga. Kapsi. Na S. Vidole viwili, taratibu, kama alivyonionyesha.

Kioo cheusi kidogo kikafunguka chini. Maandishi yakateremka mbio, mengine ya kijani. Nikasema Alhamdulillahi, imeingia. Kisha ikazima yenyewe. Nikakaa pale nimejawa na majivuno! Nilikuwa naandaa na maneno ya kumwambia.

Akarudi. Nikamwambia, nimekuokolea kazi yako, mke mwenza, nimekusevia.

"Umebonyeza nini?"

Kapsi na S.

Akashika ukuta.

Kumbe jana ameweka programu ijisevu yenyewe, kila anapoacha kuandika. Kwa hiyo Kapsi na S ikabaki bure, haina kazi. Na yeye haachi kitufe kikae bure! Akaipa kazi ya kutuma. Kutuma! Madukani! Kuna swali huwa linaulizwa kwanza, una uhakika? Ameliondoa. Kwa nini? Kwa sababu herufi ya kujibu "ndiyo" iko upande wa mkono mgonjwa.

Kwa hiyo nilituma mimi. Kazi nusu. Kila duka lililofungua programu likaona dawa zote ni sifuri. Dawa zipo rafuni, muuzaji anaziona kwa macho, programu inamkatalia kuuza. Watu wa ofisini walikuja kuirudisha ya zamani wenyewe, baada ya simu nyingi. Mchwa hakupokea hata moja maana simu ilikuwa mezani nayo iko kwenye ukimya. Nilikuwa nimekaa karibu nayo nikijisifu.

Tuligombana. Nikamwambia wewe uliyehamisha! Jana ni kisahani leo ni kisu, na hukuniambia! Akaniambia "Bibi, wewe uliyegusa!" Kweli nimegusa. Na kweli amehamisha. 

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi.

Ameamua kudanganya. Ameniambia huku anafunga ile bandeji ya mkono. Atasema kidole chake kiliteleza.

Nikamwuliza kwa nini asiseme ukweli.

"Nikisema ni wewe, wataniuliza kwa nini kompyuta ya kazi inaguswa na mtu wa nyumbani. Hiyo peke yake inatosha kunifukuza, Bibi."

Na ukisema umeteleza? Watasema mkono hauwezi kazi!

"Heri hivyo."

Heri hivyo! Mtoto aliyebishana nami kwa ajili ya kitufe kimoja siku nzima, leo mambo yote ni heri hivyo. Hakula. Ametandika kitanda. Huyu hajawahi kutandika kitanda.

Akanishika bega. "Usitoke chumbani, Bibi. Tafadhali. Kwa mara hii moja tu."

Niko chumbani. Mlango nimeurudisha, sikuufunga. Naandika kwa sababu mikono inataka kushika kitu.

Ameanza. Sauti ya msimamizi ni ileile ya upole. Anamwuliza ilikuwaje. Mchwa anasema kidole kiliteleza. Anasema mkono unamsumbua. Sauti ndogo! Si sauti yake.

 Msimamizi anasema anamhurumia. Anasema mtu akiwa na mkono usioaminika, kumpa kazi inayogusa maduka yote ni kumwonea yeye na kuwaonea wateja. Anasema yapo mambo mawili tu. Moja, afute mabadiliko yake yote ya vitufe leo hii, virudi kama vilivyotoka kiwandani, achukue kipanya, afanye kazi kama wenzake wote, ndipo wamwongezee muda wa majaribio wamtazame. La pili hakulimalizia. Alisema "au vinginevyo," akakohoa.

Kipanya! Wiki mbili nimekanda mkono ule! Uvimbe umeshuka, juzi ameweza kufunga kifungo cha blauzi mwenyewe, na leo achukue kipanya kwa sababu ya kuteleza ambako hakukuwepo!

Mkono wa mtoto haujateleza. Ule mkono ndio kitu pekee ambacho hakikukosea jana. Kosa ni la kichwa chake kisichotulia na kidole changu kinachojua kila kitu. Tungegawana nusu kwa nusu, kama watu wazima. Lakini si kuusingizia mkono ulio mgonjwa, ambao hauwezi hata kujitetea.

Nikitoka, huenda nikamfukuzisha kazi. Nikikaa, atasema ndiyo. Namjua. Ananyamaza sasa hivi, na akinyamaza hivyo kinachofuata ni ndiyo.

Msimamizi anasema, "Upo? Tunakubaliana?"

Hapana. Hatukubaliani.

Naweka kalamu, natoka kumwambia: Mchwa! Usijibu kitu. Sogea hapo nikae, na mwambie bwana huyo asikate.