Kipimo cha Miwani Nyeusi

Shauri Moyo, Nairobi
12 Januari 1997

Kukhu, nyanya yangu,

Mulembe! Magoti yanasemaje? Babu bado anakohoa? Huku mimi na Kui, yule ninayekaa naye chumba kimoja, tu wazima, ila mimi nina wazimu wa furaha. Keti kwanza. Umeketi? Nimevua miwani!

Sijapona, nimewekewa lenzi. Ni viduara vyembamba kama ngozi ya kitunguu, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Unabandika kimoja kwenye jicho lenyewe, juu ya ile sehemu nyeusi, na mtu hawezi kujua. Siku ya kwanza ilinichukua saa nzima, Kui kando yangu akinisomea zaburi. Nilipotoka nje niliona majani ya mti moja moja. Kukhu, kumbe majani yana ncha!

Aliyenipeleka kwa Daktari Abdinoor ni Mwalimu Gichuru. Ndiye anafundisha timu ya voliboli ambayo Kui huchezea, ya kile kiwanda cha biskuti ninachoenda kila asubuhi kusimama langoni nikingoja kuchaguliwa kwa kibarua. Aliniambia, "Wewe msichana unaruka vizuri, shida ni kwamba miwani yako inaruka zaidi." Sasa sikia: tarehe moja Machi atatujaribu uwanjani na kuchagua wasichana kumi na wawili. Hao wataandikwa kazi ya kudumu. Ya kudumu, Kukhu! Sitasimama langoni tena nikinyooshewa kidole kama mbuzi wa soko.

Na hizi lenzi zina kitu ndani cha kuzuia miale mibaya ya jua. Kwa hivyo ile kofia yako pana nimempa Kui. Daktari alitaja pia mambo ya kofia na miwani ya jua, lakini mimi na miwani tutaonana mbinguni.

Mjukuu wako,
Nekesa

---

Kimilili
23 Januari 1997

Mke mwenzangu Nekesa,

Magoti yananiuma, asante kwa kuuliza. Huyo mume wetu hukohoa akitaka chai, akiipata anapona. Barua yako ilinifanya nipige vigelegele peke yangu hadi jirani akaja kuuliza ni nani ameoa.

Lakini wewe, kofia yangu umempa Kui? Ngoja nikwambie nilichofanya. Nilikata duara la gazeti, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho kama ulivyosema. Nikamwambia babu yako afumbue macho asipepese, nikamshikia hilo duara mbele ya jicho. Alinitukana, lakini niliona nilichotaka kuona. Weupe wote umebaki nje, huku na huku, na kope pia.

Sasa nikuulize, hii nyama iliyoota jichoni mwangu ilianzia wapi? Haikuanzia katikati. Ilianzia kwenye weupe, upande wa pua, miaka ile ya kupalilia mahindi kichwa wazi, ndipo ikatambaa kuelekea katikati. Hiyo lenzi yako inalinda dirisha, mama, na ukuta unaungua. Daktari si mjinga akitaja kofia.

Mnyang'anye Kui kofia yangu. Na utafute miwani ya jua, upende usipende. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mwenye kuruka anahitaji guu na jicho.

Mimi,
Kukhu Triza

---

Shauri Moyo
3 Februari 1997

Kukhu, mke mwenzangu mkali,

Mulembe, na pole kwa Babu kugeuzwa mgonjwa wa macho bila kuulizwa. Tulicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Nimetii! Kofia imerudi. Na Jumamosi saa sita mchana mimi na Kui tulishuka soko la Gikomba kutafuta miwani ya jua. Kukhu, kumbe kuna ujuzi wake. Unavaa, unainua uso, unatazama jua lenyewe. Ukitoa machozi, rudisha, hiyo haifai. Usipotoa, lipa uende. Pale kila mtu hupima hivyo, wazee kwa vijana, shingo juu kama kuku anayekunywa maji.

Tulijaribu sita. Ya mwisho ilikuwa nyeusi ti! Tukashindana kuhesabu. Kui alifika kumi akashindwa kwa kicheko. Mimi nilienda mpaka arobaini, na chozi halikutoka hata moja! Watu walinipigia makofi. Lenzi ndani, miwani nje, jua litanifanya nini?

Mazoezini Mwalimu Gichuru amenipanga mbele ya wavu. Mbele, Kukhu! Tangu jana kuna kidoa kinanifuata mbele ya macho kama nzi, lakini ni uchovu tu, tumeruka sana wiki hii. Siku ishirini na sita zimebaki. Niombee.

Wako mtiifu,
Nekesa

---

Shauri Moyo
10 Februari 1997

Kukhu,

Natumaini mko salama. Usishtukie mwandiko, naandika herufi kubwa ili nizione.

Yule nzi hakuondoka. Nikitazama kitu, katikati yake hapapo. Naona wavu, naona mikono ya aliyerusha mpira, mpira wenyewe siuoni mpaka unipige kifuani. Daktari Abdinoor alinimulika, kisha akaniuliza nimefanya nini. Nilipomwambia arobaini, aliweka kalamu chini.

Anasema jua limenichoma nyuma ya jicho, pale panapoona vitu vidogo. Macho yote mawili. Lenzi hupunguza miale fulani tu, haikutengenezwa ili mtu akodolee jua macho, na hakuna miwani ya jua iliyotengenezwa kwa hilo. Ile yangu nyeusi aliiweka kwenye mashine yake, na haizuii ile miale mibaya hata kidogo. Ni giza tu. Na giza hulidanganya jicho, likafunguka zaidi, likameza zaidi. Eti kutotoa machozi ndiyo hatari yenyewe!

Dawa hakuna. Ni kungoja. Huenda doa litafifia kwa wiki kadhaa, huenda lisiishe kabisa. Wiki kadhaa, Kukhu, nami nina siku kumi na tisa. Mwalimu Gichuru nimemwambia nina homa. Ajuaye ni Kui peke yake.

Naogopa. Na ninajionea aibu, kwa sababu hakuna aliyenisukuma. Nilihesabu mwenyewe, tena kwa sauti.

Nekesa

---

Kimilili
17 Februari 1997

Nekesa mwanangu,

Leo sina utani. Nililia, nikanawa uso, nikashika kalamu.

Kosa jingine ni langu. Nilikwambia utafute miwani, sikukwambia umuulize daktari ni ipi. Lakini sikukutuma ukapigane na jua, mtoto wewe! Hata ng'ombe hulipa jua mgongo.

Sasa fanya hili kabla hujala chakula cha jioni. Mwambie Gichuru. Ukimficha na mpira ukakupita mbele ya watu, atasema Nekesa hajui mpira. Ukimwambia, atajua ni jicho. Kuna tofauti kubwa hapo, na kazi yako iko ndani ya hiyo tofauti. Usipomwambia, nitapanda basi na magoti yangu haya nije nimwambie mimi, tena kwa Kibukusu, ashindwe kunijibu.

Ningekuwa na jicho la akiba ningelituma kwa parseli. Babu yako hajaitisha chai tangu barua yako ifike. Tunakuombea asubuhi na jioni.

Kukhu wako

---

Shauri Moyo
2 Machi 1997

Kukhu! Kukhu Triza! Mulembe mara mia!

Mpe Babu chai, mpe na mandazi. Nikwambie kutoka mwanzo au mwisho? Acha nianze mwanzo, utamu usiishe haraka.

Nilimwambia Mwalimu Gichuru siku ileile barua yako ilipofika. Alidundisha mpira chini mara mbili. Kisha akasema, "Njoo tarehe moja. Mimi nitatazama unavyocheza, si unavyoona." Nikarudi nyumbani nikilia barabara nzima.

Kuanzia tarehe ishirini na mbili jicho la kushoto lilianza kusafika, kila siku kidogo. Jana nikatoka na kofia yenye ukingo wa mbele nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Nikiwa nje ya uwanja nangoja zamu, navaa miwani aliyoipima daktari kwa mashine. Wala si nyeusi, ni ya kahawia hafifu, Kui anasema nafanana na mweka hazina wa kanisa.

Kumi na tatu kwa kumi na tatu! Msichana wa upande wa pili akapiga mpira juu, moja kwa moja kutoka kwenye jua. Sikuufuata kwa macho. Niliinamisha uso, nikatazama kivuli cha mpira kikija chini kwenye vumbi, Kui akapiga kelele "Wako!", nikaunyanyua, Kui akaupanga, nikaruka nikaukandamiza chini hata wavu ukatetemeka. Kukhu, wanawake wa sokoni waliokuwa wamesimama kando walirusha leso juu!

Saa kumi karatasi ikabandikwa ukutani penye lango la kiwanda. Tukasukumana. Nilifika mbele, nikawa nimefumba jicho la kushoto kwa sababu ya vumbi, nikatafuta kwa la kulia. Jina langu halikuwapo. Kila nilipotazama palikuwa na doa tu.

Kui akaniambia, "Fumbua lile jingine, wewe!"

Nikafumbua. Wa tatu kutoka juu: Nekesa Wakoli.

Mfanyakazi wa kudumu,
mjukuu wako