Kura ya Kumzuia Keziah Tolliver

KAMATI YA KUPOKEA WATOROKAJI, KANADA
Tarehe: Alhamisi, 3 Desemba 1857
Mahali: Chumba cha nyuma cha kanisa

Waliohudhuria: Mch. Absalom Gaines (Mwenyekiti), Bi. Philis Gaines (mkewe), Temperance Dockery (Katibu), Lemuel Purnell, Keziah Tolliver na wajumbe watatu.
Asiyehudhuria: Amos Shields, kwa mafua ambayo mkewe hana habari nayo.

KUMB. NA. 1/12/57: USHUHUDA WA NDUGU PURNELL
Mwenyekiti alieleza kwamba Ndugu Purnell alisimama katika ibada ya ushuhuda, akamshukuru Dada Tolliver kwa jina, na kutaja hadi kinamasi alichomvusha. Gazeti likachapisha yote. Sasa mabwana wa watumwa wa Maryland, Marekani, wametangaza zawadi kwa atakayemkamata Dada Tolliver. Ndugu Purnell alijitetea kwamba Mungu hashukuriwi kwa mafumbo.

"Mungu alikuwepo, kaka," Dada Tolliver alimjibu. "Hakuhitaji ramani."

KUMB. NA. 2/12/57: SAFARI YA DADA TOLLIVER
Dada Tolliver, aliyetoroka utumwani Maryland miaka minane iliyopita na kurudi huko mara saba kutorosha wengine, aliarifu kwamba ataondoka Jumamosi. Mdogo wake Rhody na wanawe wawili watapigwa mnada tarehe mosi Januari.

Mwenyekiti alipinga, akisema safari hii anakwenda kunyongwa.

"Wewe ni hazina yetu, mama."

"Hazina hufungiwa kabatini, Mchungaji. Mimi nimeshafungiwa vya kutosha."

Ilipigwa kura. Mikono saba ilipinga safari, ukiwemo wa Katibu. Dada Tolliver aliomba tusiishushe kwanza.

"Haya. Yeyote niliyerudi kumchukua, ashushe wake."

Ndugu Purnell alishusha. Wale wajumbe watatu wakashusha. Katibu alishusha, na aliona aibu kubwa. Bi. Gaines naye akashusha. Mwenyekiti, aliyezaliwa huru, alibaki peke yake na mkono juu mpaka mkewe alipomtazama.

Ndugu Purnell aliomba kuongozana na Dada Tolliver. Aliambiwa abaki, na anyamaze.

KUMB. NA. 3/12/57: MENGINEYO
Mwenyekiti aliagiza kura ile isiandikwe. Katibu amekataa. Imeandikwa ili wajukuu wetu wajue kwamba tulijaribu kumzuia aliyetukomboa, na akatushinda.

Kikao kilivunjika saa kumi na robo jioni, Dada Tolliver akiwa ameshatoka.

A. Gaines, Mwenyekiti (amesaini baada ya kubembelezwa)
T. Dockery, Katibu